Nilipeleka Jogoo kwa Polisi Waliompiga Mwanangu

Tantine Pulchérie, shangazi yetu mupendwa, mimi musomaji wako wa hapa mu kambi ya Nakivale nakuja kugonga ku mulango wako na naomba unifungulie mbio, juu niko naungua, na hakuna mutu hapa ninaweza kumwambia shida yangu, si kwamba ni siri, hapana, ni juu bote banaijua na bote bananicheka.

Naitwa Nestor. Andika jina langu tu, usilifiche, video yangu iko mu simu za batu kutoka Base Camp mupaka Oruchinga, na juzi mutu anayeuza samaki Kikagate, hata hatujuane, alinitumia salamu. Tulitoka Uvira na bibi yangu Nabintu, tunalima mahindi na maharagi, na mu kanisa mimi ni shemasi. Lakini kazi batu bananijulia ni protokole: ku ndoa, ku kilio, ku kupokea bageni, ni mimi napanga nani akae fasi gani, nani asalimiwe mbele ya nani, na nani aseme kwa ufupi, na mimi mwenyewe nasema kupita bote. Ni zawadi Mungu alinipa, na ni ile zawadi imenifikisha hapa.

Mutoto wetu wa kwanza ni Pacifique, kijana wa myaka kumi na tisa, kinyozi pale Base Camp, na mukono wake ni mwepesi, batu banamungojea yeye hata kama kiti cha kinyozi mwingine kiko bure. Sasa huyu mutoto akapata ugonjwa wa skeitibodi. Kama hauijue, Tantine, ni kabao kafupi kenye magurudumu mane chini, kijana anapanda juu, mguu mumoja unasukuma, na unamuona anapita mbele yako amesimama wima na kwenda anaenda. Mimi sikuipenda toka mwanzo, nilimwambia Mungu alikupa miguu, hakukupa magurudumu, lakini kijana akicheka na kusema «Papa, ni michezo tu» utafanya nini. Na juu hapa kwetu njia ni vumbi na mawe, yeye na benzake batatu banaenda Mbarara kila Jumapili, siku ya Mungu, nyuma ya ibada, banatafuta simenti laini mbele ya maduka yenye kufungwa.

Siku ile bakakutwa na polisi. Mukubwa wabo ni Koplo mumoja anaitwa Nkusi. Hii yote mutoto aliiambia mama yake na mama yake akaniambia miye, juu mutoto haniambie tena kitu. Koplo akashuka ku gari akauliza:

«Wewe! Hiyo gari yako wapi namba pleti? Wapi leseni?»

«Afande, hii si gari, ni ubao.»

«Kama ni ubao, kwa nini natembea? Na wewe naenda mbele hapana piga hatua! Mutu muzuri naenda hivyo?»

Bakabapeleka ku kituo chabo kidogo pamoya na mbao zote nne, na pale ku baranda Koplo akasema anaonyesha baafande benzake ginsi hii kitu inaua mutu. Akaweka buti ya kwanza juu ya ubao. Akaweka buti ya pili. Tantine, kofia ilienda huku, Koplo akaenda kule, na matako yakapiga simenti batu bote basikie. Vijana bakacheka. Mimi mwenyewe naandika hapa nikiwa naficha meno. Lakini Koplo aliponyanyuka hakuna mutu aliuliza tena mambo ya namba pleti, bakachukua fimbo bakabapiga bote bane, migongo, miguu, na Pacifique alinyanyua mukono kukinga kichwa.

Kesho yake asubui nikapigiwa simu: «Muzee, kijana yako iko hapa, nasumbua mingi, kuja chukua.» Sasa Tantine, unajua kwetu. Kwetu mukubwa akishika mutoto wako na akikurudishia akiwa anapumua, hauende mikono mitupu na hauende peke yako. Unapeleka jogoo, unapeleka batu ba kanisa, na unashukuru mbele ya batu, juu mutu asiyeshukuru kesho banamukamata tena. Ndiyo desturi, sikuibuni miye. Na tena kuko mambo ya dosiye yetu, makaratasi ya kwenda kuishi inje, tunangojea toka myaka, na ku kisima batu banasema mutu mwenye jina mubaya ku polisi dosiye yake inalala. Basi nikakamata jogoo mwekundu ule Nabintu alikuwa anafugia Noeli, nikaita bamama babili ba korali, nikavaa koti, tukaenda Mbarara.

Tukabakuta vijana bamekaa chini ku baranda bila viatu. Pacifique alikuwa ameshika mukono wa kuume kwa ule wa kushoto, ameuweka ku tumbo. Nikafikiri anaona haya. Nikakohoa nikaanza: «Bwana Koplo, Baafande bote kufuatana na vyeo vyenu, bamama ba korali, na nyinyi batoto mulioleta aibu, protokole yote imeheshimiwa.» Nikasema asante kwa kutusaidia kulea. Nikasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikasema samaki mukunje angali mubichi. Nikasema mimi muzazi nilishindwa lakini kiboko cha serikali kimeweza. Bamama bakapiga vigelegele, mumoja akaanzisha hata wimbo. Koplo akapokea jogoo na mikono mbili akasema: «Muzee, wewe natoka Congo lakini nafahamu. Kiboko yangu nafundisha mingi kuliko masomo. Muzazi kama hii ndiyo sisi nataka.» Na mimi, nisikudanganye, pale nilijisikia mukubwa.

Kisha nikaita Pacifique aje kushukuru yeye pia. Akaja, akatoa mukono wa kushoto. Mbele ya bakubwa, mutoto wa shemasi! Nikamwambia «Mukono wa kuume!» akaniangalia tu, nikamwambia tena, na juu hakutii nikaushika miye mwenyewe ule mukono nikauweka mu mukono wa Koplo, na Koplo akaukamata na nguvu ginsi polisi banasalimia, na mutoto akalia sauti ambayo sijaisikia toka tuvuke mupaka, halafu akasema asante, tukatoka. Ku kliniki bakapiga picha, bakasema mufupa umevunjika fasi mbili.

Sasa shida yenyewe ni hii. Kuko polisi mwanamuke alikamata video ya shukrani yangu yote, mupaka ule mukono. Vijana bale bane balienda kushitaki, bamepata batu ba kubasaidia, na Alhamisi inayokuja bakubwa ba Koplo banasikiliza mambo pale Mbarara. Koplo anasema hakuna mutu aligusa mutoto, bavijana balianguka bo wenyewe ku maduka, na muone, baba mwenyewe alikuja kushukuru. Amenipigia simu. Ananiita «rafiki yangu muzee.» Anasema: «Alhamisi kuja tu, sema tena ile maneno tamu, na ile dosiye yenu ya kwenda ng'ambo, sisi hapana sema kitu mubaya.»

Mu nyumba hakuna amani. Nabintu ananiwekea ugali mutupu, nikiuliza mboga ananiambia «Mboga uliipelekea Afande.» Ku soko batoto badogo bananipokea kwa sauti «Protokole yote imeheshimiwa!» na bananipa mukono wa kushoto. Pasta Onesphore ananiambia ninyamaze na nitii mamlaka. Na Pacifique ametoka mu nyumba, analala kwa rafiki yake nyuma ya kibanda cha kinyozi, hanyoe tena mutu, mukono uko ndani ya plasta, na daktari hajasema kama vidole vitashika mashine ya kunyoa sawa na zamani. Nilipita pale, akaniambia «Bonjour, Papa» vizuri kabisa, na adabu, ginsi anasalimia mutu yeyote wa njiani. Halafu akaniambia: «Papa, Alhamisi utakaa upande gani? Nikikuona upande ule, nitaelewa, na sitakuuliza tena kitu mu maisha yangu.»

Basi Tantine, naomba unifundishe maneno ya kusema ile siku, maneno yatakayofurahisha mutoto, na yasimukasirishe Koplo, na yasiguse dosiye. Mimi ni mutu wa maneno, najua yako fasi fulani, ni mimi tu nayakosa.

Ndimi Nestor, shemasi, Nakivale.

TANTINE PULCHÉRIE ANAJIBU

Nestor, kaa chini. Usikohoe, usisalimie mtu. Leo protokole naishika mimi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza nimepatwa na nini. Mara ya pili sikucheka. Umejaza karatasi kwa rangi ya jogoo, vyeo vya maafande na vigelegele vya korali, halafu kile kilio cha mtoto umekipitisha haraka haraka katikati ya sentensi, ukitumaini Tantine atakuwa anapepesa macho. Sikupepesa. Mtoto alikuletea mkono wa kushoto kwa sababu ndio uliobaki mzima, na wewe uliona aibu ya shemasi. Huo ndio ugonjwa wako, mengine yote ni kikohozi.

Lakini kwanza tummalize huyo Koplo, kwa sababu nami nina hasira zangu. Mbarara ni mji mkubwa. Wapo wanaoiba ng'ombe, wapo wanaoiba pikipiki, wapo wanaotuuzia maziwa nusu maji nusu maneno. Wote hao Jumapili ile walipumzika vizuri, maana wanaume wenye buti na bunduki walikuwa kazini wakipambana na mbao nne. Eti wapi namba pleti! Ningekuwa jirani wa kituo hicho ningeficha hata meza yangu ya jikoni, nayo ina miguu minne na sijaikatia leseni. Eti kijana anaenda mbele bila kupiga hatua. Kwani yeye alipokuwa kwenye gari la serikali alikuwa anapiga hatua?

Na tena si ubao uliowaponza. Soma barua yako mwenyewe. Vijana hawakupigwa kwa kuteleza, walipigwa kwa kucheka. Afande alipanda, afande akaanguka, na kwa kuwa hakuweza kuichapa simenti akatafuta kitu chenye mifupa. Aliyeanguka ni Koplo, aliyevunjika ni Pacifique, na aliyetoa shukrani ni wewe. Jameni, Nestor! Hata Koplo mwenyewe nadhani alishangaa. Mtu amejiandaa kukana, amejiandaa kutisha, halafu anaona mzee wa koti anakuja na kuku na waimbaji.

Ukasimama pale ukasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali nzuri, ila umekosea nyumba. Wahenga walikuwa wakisema na mzazi, hawakuwa wakisema na koplo anayeumwa matako. Na huyo samaki wako, wamesema akunjwe, nani alisema avunjwe fasi mbili?

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sikuchukii. Huo woga wako naujua, nimekula nao sahani moja. Tulipotoka Burundi nilimshukuru kila mwenye sare kuanzia mpakani mpaka hapa Nakivale. Nilimshukuru aliyeninyang'anya kitenge. Nilimshukuru aliyetufukuza kivulini mimi na wanangu wachanga. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi kamba hiyo tumeivaa miaka mingi hata tukiona mtu wa mkanda na buti, ulimi unasema asante wenyewe kabla hajatupa kitu. Umeita desturi. Mimi naita kovu. Kovu si kosa lako, wala silicheki. Ila huwezi kumshika mtoto kwa nguvu ukamwambia hili ni lako pia, livae.

Na mkono wa kuume ni heshima, sikatai, wanangu pia niliwafundisha hivyo. Lakini waliotuachia desturi hiyo walidhani baba, kabla ya kuamuru mkono, atautazama.

Unaniomba maneno ya kumfurahisha mtoto, na Koplo, na dosiye. Hayapo. Usiendelee kuyatafuta, utamaliza kamusi. Yangekuwapo, wewe kwa jinsi unavyoongea ungekuwa umeshayasema kwenye harusi ya mtu. Alhamisi kutakuwa na pande mbili, na wewe una kiuno kimoja cha kukalia. Mtoto amekuuliza swali la wazi kabisa, na umeniandikia mimi barua ndefu badala ya kumjibu yeye kwa neno moja.

Dosiye. Haya, tuiseme, maana najua ndiyo inayokukaba koo. Koplo hana dosiye yako, Nestor. Kama angekuwa na uwezo wa kupeleka watu ng'ambo, angekuwa amejipeleka yeye zamani, asingebaki akikimbiza vijana kwenye baranda za maduka. Lakini usiniamini mimi, na wale wa kisimani usiwaamini zaidi. Kesho asubuhi nenda Base Camp kwa wanaowasaidia wakimbizi mambo ya sheria, uulize kwa mdomo wako mwenyewe. Na ukiwa hapo uwaambie kwamba afande anakupigia simu, anataja dosiye, na anataka umtolee ushahidi mtamu. Waambie maneno yake kama alivyoyasema, usiyapambe. Simu yake usiipokee tena ukiwa peke yako. Akikuita rafiki, mwambie rafiki zako hujawahi kukutana nao wakiwa na fimbo.

Halafu hiyo video unayoikimbia sokoni, acha kuikimbia. Koplo anaitegemea kwa sababu anajua wewe hujaitazama mpaka mwisho, umeona koti lako ukafunga macho. Itazame. Koplo anasema nini kwa wakubwa zake? Kwamba hakuna aliyemgusa mtoto, vijana walianguka wenyewe. Na kwenye video anasema nini? «Kiboko yangu nafundisha mingi kuliko masomo.» Kwa mdomo wake, jogoo mkononi, kituoni kwake. Basi waulize wakubwa zake swali dogo tu: kama mtoto alianguka mwenyewe, huyu alipokea shukrani za kitu gani? Waombe wasiizime pale kwenye vigelegele, waiache iende mpaka palipo na mkono, na sauti waifungue. Utaona haya, ndiyo. Korali itaona haya. Mtavumilia. Haya ya mzee haijawahi kutiwa plasta.

Alhamisi useme hivi, na usiongeze hata pambo moja: nilimshukuru kwa kumpiga mwanangu, naye akakubali kwamba alimpiga. Nilishukuru kwa sababu nilimwogopa. Na mwanangu alikuwa ameshavunjika mkono nilipofika. Useme na lile la mkono wa kuume, wewe mwenyewe, kabla mtoto hajalazimika kulisema. Hilo litakuuma kuliko yote, na ndilo ambalo yeye atakuwa anakusikiliza kama utalisema au utaliruka.

Kuhusu Nabintu, mke wako ana akili na ugali mtupu haujaua mtu. Kula, umshukuru, kwake shukrani ni halali. Na Pasta Onesphore mwambie Alhamisi kuna nafasi upande wa vijana, aje aombee hapo. Akisema ana shughuli, basi ushauri wake wa kunyamaza autumie nyumbani kwake, mtoto wake akivunjwa mkono.

Kwa Pacifique usitume mtu. Usitume mjumbe, usitume mama wa korali, usimwite nyumbani kwa amri ya baba. Nenda wewe pale kwa kinyozi, leo, si Jumatano jioni ukiwa umebanwa. Ukifika usiseme protokole. Sema: mwanangu, niliushika mkono wako bila kuutazama, nilikukosea, Alhamisi nakaa upande wako. Basi, funga mdomo. Najua itakuwa hotuba fupi kuliko zote ulizowahi kutoa, na utahisi hujaanza. Umeshamaliza. Asipokujibu, muage, uondoke. Usimwombe akusamehe papo hapo ili wewe ulale vizuri. Vidole vyake bado havijui kama vitashika mashine, na yeye hadaiwi haraka yoyote.

Asubuhi ya Alhamisi mfuate, mwende pamoja. Akikubali kukaa karibu nawe ndani ya gari, shukuru kimya kimya. Usimhubirie njiani, usimweleze ulivyoteseka Uvira, anajua, alikuwepo. Gari likisimama njiani, pale Kabingo, watu wanunue vitu, naye atanunua maji. Kwa mkono mmoja kifuniko cha chupa hakifunguki. Hatakuomba. Ichukue mkononi mwake taratibu, uifungue, umrudishie.